Chumvi, noti na Mto Manjano: hesabu za dola ya Yuan

Mwaka 1229 Ögedei alipokalia kiti alichoacha baba yake Genghis Khan, baadhi ya wakuu wa Kimongolia walimletea shauri: Wachina wa kaskazini hawana faida yoyote, bora waondolewe na mashamba yao yaachwe yaote majani ya mifugo. Aliyepinga ni Yelü Chucai, mtu wa kabila la Khitan aliyekuwa ameitumikia dola ya Jin, iliyotawala kaskazini mwa China, kabla ya kuhamia kwa Wamongolia. Hakumwomba Khan awe na huruma. Alimpigia hesabu: waache wakulima na mafundi wafanye kazi zao, toza kodi ya ardhi, biashara, pombe, chumvi na chuma, na kila mwaka utapata liang 500,000 za fedha (liang moja ni karibu gramu 40), shi 400,000 za nafaka (shi moja ni karibu lita 100) na majora 80,000 ya hariri. Akapewa nafasi ya kujaribu. Mwaka 1231 shehena zilipopangwa mbele ya Ögedei, hoja ya malisho ilikufa palepale.

Wanaosimulia Wamongolia hupenda kuanza na farasi na upinde, na kwa nyika za kaskazini simulizi hiyo inatosha. Kwa China haitoshi. Dola waliyoijenga huko, iliyotangazwa kwa jina la Yuan mwaka 1271, ilisimama kwa muda wote ambao hesabu za aina ya Yelü Chucai zilikaa sawa. Ufa wake wa kwanza ulionekana kwenye vitabu vya hazina, miaka 70 na zaidi kabla waasi hawajashika silaha.

Kaskazini nipite haraka. Uvamizi dhidi ya Jin ulianza 1211, Zhongdu (Beijing ya leo) ukaanguka 1215, na Jin ikafutwa 1234 baada ya mfalme wake kujinyonga mjini Caizhou. Song, dola ya Wachina ya kusini, ilishirikiana na Wamongolia katika pigo hilo la mwisho. Siasa ya hovyo: walisaidia kumwondoa jirani aliyechoka, wakapakana na jirani ambaye hakuna aliyewahi kumzuia. Mwaka 1259 Möngke, Khan mkuu wa wakati huo, alifia vitani Sichuan, akiwa ameizingira ngome ya Diaoyu, na ndugu zake wawili, Kublai na Ariq Böke, wakagombea kiti. Ariq Böke alikuwa na Karakorum, mji mkuu wa nyikani, na watu wa jadi. Kublai alikuwa na mashamba ya China, na Karakorum ilikula nafaka iliyoletwa kwa mikokoteni kutoka kusini. Akaifunga njia. Mwaka 1264 Ariq Böke alijisalimisha.

Ikabaki Song, na hapo farasi walifika mwisho wa ubora wao. Kusini ni mito, mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, joto na magonjwa, na miji yenye kuta nene. Mtu aliyempa Kublai ufunguo alikuwa jenerali wa Song mwenyewe, Liu Zheng, aliyehamia upande wa pili mwaka 1261. Shauri lake lilikuwa moja: acheni Sichuan, shikeni Xiangyang. Mji huo uko ukingo wa kusini wa Mto Han, na mwenzake Fancheng uko ng'ambo, ukingo wa kaskazini. Mto Han unashuka hadi Yangtze pale ilipo Wuhan leo. Mwenye Xiangyang anateremka na mkondo hadi tumboni mwa Song. Asiye nayo anabaki kugonga mlango.

Mzingiro ulianza 1268 na ukachukua miaka mitano. Hatua ya kwanza haikuwa kushambulia kuta. Kamanda Aju na Liu Zheng walijenga ngome juu na chini ya mto, Lumenshan na Baihekou zikiwa miongoni mwake, ili kukata njia za msaada. Ikaonekana upesi kwamba ngome za nchi kavu hazizuii mashua za usiku. Basi mwaka 1270 wakaunda manowari 5,000 na kuwafunza askari wa majini 70,000. Jeshi lililozaliwa nyikani likawa na wanamaji, na karibu wote walikuwa Wachina wa kaskazini au watu waliotoka Song.

Ndani ya Xiangyang, kamanda wa Song, Lü Wenhuan, alikuwa na nafaka ya kutosha. Walichokosa kilikuwa chumvi, kuni na nguo. Hilo huwashangaza wanaodhani mzingiro ni njaa tu. Bila chumvi huhifadhi nyama wala mboga za msimu wa baridi, na mtu mwenyewe hudhoofika. Bila kuni mchele ni punje tu ghalani. Mwaka 1272 Song ilikusanya watu 3,000 wa kujitolea chini ya Zhang Shun na Zhang Gui, wakapakia mashua kama mia. Walizifunga tatutatu: ya katikati ilibeba watu na shehena, mbili za pembeni zilitobolewa sakafu na kufunikwa juu. Adui aliyerukia mashua ya pembeni ili avamie alijikuta mtoni akiwa na deraya mwilini. Walipenya usiku na kufika. Zhang Shun aliuawa njiani, na Zhang Gui naye akauawa baadaye akijaribu kutoka tena kwenda kuita msaada. Baada yao hakuna aliyepita.

Kilichomaliza kazi kilitoka Uajemi. Kublai aliomba mafundi kwa mpwa wake Abaqa, mtawala wa Wamongolia wa huko, naye akamletea Waislamu wawili, Ismail na Ala al-Din, mabingwa wa mitambo ya kurusha mawe. China ilikuwa na mitambo yake ya zamani, lakini iliendeshwa kwa mikono ya watu: kamba nyingi zimefungwa kwenye upande mfupi wa boriti, na kundi la watu, wakati mwingine zaidi ya mia, wanazivuta kwa mpigo mmoja. Ubaya wake unaonekana baada ya mawe machache. Watu huchoka, mpigo hulegea, na jiwe la kumi haliangukii lilipoangukia la kwanza. Ukuta hauvunjwi kwa mawe yaliyotawanyika. Unavunjwa kwa kupigwa palepale.

Mtambo wa Ismail uliondoa watu na kuweka uzito. Boriti ndefu imelazwa juu ya ekseli, ekseli ikiwa karibu na ncha moja. Kwenye ncha hiyo fupi linaning'inia sanduku la mawe na udongo, zito mara nyingi kuliko jiwe linalorushwa. Ncha ndefu inavutwa chini kwa kamba na kufungwa, na kwenye ncha hiyo kuna kombeo lenye miguu miwili: mguu mmoja umefungwa moja kwa moja, mwingine una pete iliyovikwa kwenye ndoano. Ukifyatua, sanduku linashuka, mkono mrefu unapaa, kombeo linafuata kwa nyuma kama mjeledi, na likifika pembe fulani pete inachomoka kwenye ndoano. Siri yote iko kwenye ndoano hiyo. Ukiinyoosha, pete inachomoka mapema na jiwe linapanda juu sana. Ukiikunja, inachelewa, jiwe linakwenda chini na kwa kasi, na ukizidisha linajigonga chini mbele ya mtambo wako. Mawe lazima yachongwe yawe na uzito mmoja, maana tofauti ndogo ya uzito inahamisha shabaha. Fremu isipotulia vizuri ardhini inasogea kila mtambo unapofyatuliwa, na marekebisho ya jana hayana maana leo.

Kumbukumbu za Yuan zinataja mawe ya jin 150, karibu kilo 90, yaliyozama futi saba ardhini. Fancheng ulipigwa kwanza. Miji hiyo miwili iliunganishwa na daraja lililoshikwa na nguzo za miti na minyororo, na kupitia daraja hilo Xiangyang ulipeleka askari ng'ambo. Wanamaji wa Yuan walikata nguzo kwa misumeno, wakakata minyororo na kuchoma daraja. Fancheng, ukiwa peke yake, ulianguka mwanzoni mwa 1273 na watu wake wakachinjwa. Kisha mtambo ukageuziwa Xiangyang. Jiwe moja lilipiga mnara wa lango kwa kishindo kama radi, na mji ukaingiwa na hofu. Arigh Khaya, jenerali Muuyghur, alikwenda hadi chini ya ukuta, akavunja mshale kuwa kiapo kwamba hakuna atakayedhuriwa, na Lü Wenhuan akafungua lango.

Marco Polo alidai kwamba yeye, baba yake na ami yake ndio walioongoza ujenzi wa mitambo hiyo. Haiwezekani. Waliwasili kwa Kublai karibu 1275, Xiangyang ukiwa umeshafunguliwa miaka miwili.

Waliobaki hawakuhitaji mitambo mingi. Makamanda wengi wa bonde la Yangtze walikuwa jamaa au wasaidizi wa zamani wa ukoo wa Lü, na Lü Wenhuan, sasa akiwa upande wa Yuan, aliwafikia mmoja baada ya mwingine. Changzhou ulikataa mwaka 1275 na ukachinjwa, habari ambayo iliwatangulia askari. Mapema 1276 Lin'an, mji mkuu wa Song (Hangzhou ya leo), ulijisalimisha kwa jenerali Bayan bila kuporwa. Bayan alipiga muhuri maghala na ofisi za kumbukumbu. Vita vya mwisho vilipiganwa baharini Yamen, Machi 1279, ambako waziri Lu Xiufu alijitosa majini akiwa amembeba mfalme mtoto.

Kutawala kulipangwa kwa kutoaminiana. Amri ya 1265 iliweka wazi: katika kila wilaya kubwa msimamizi mkuu, darughachi, awe Mmongolia, mtendaji awe Mchina wa kaskazini, naibu awe Mwislamu kutoka magharibi. Kila mmoja alikuwa na haja ya kumchunguza mwenzake. Watu waligawanywa katika makundi manne: Wamongolia, watu wa magharibi, Wachina wa kaskazini, na wa kusini waliotekwa mwisho. Mitihani ya kuingilia serikalini iliporudishwa mwaka 1315, ngazi ya mikoa ilikuwa na nafasi 300, na kila kundi likapewa 75. Ukijua kwamba wakazi wa kusini walikuwa wengi kuliko makundi yote matatu kwa pamoja, usawa huo unajieleza wenyewe.

Sasa noti, ambazo kwangu ndizo moyo wa habari hii. Noti hazikubuniwa na Wamongolia. Song na Jin walizitumia, na Jin waliziharibu kwa kuzichapa ovyo. Kublai alianza vizuri mwaka 1260. Noti za Zhongtong zilichapwa kwenye karatasi ya magome ya mforosadi, kuanzia wen 10 hadi guan 2, na guan moja ni wen, yaani sarafu, 1,000 kwa hesabu. Juu yake palichorwa mafungu ya sarafu ili hata asiyejua kusoma ahesabu thamani. Chini paliandikwa kwamba mghushi atakatwa kichwa, na atakayemfichua atapewa ding 5 za fedha, yaani liang 250, pamoja na mali ya mghushi.

Kitisho hicho hakitoshi kuipa karatasi thamani. Kilichotosha ni mambo matatu yaliyofanya kazi pamoja. Guan 2 zilikuwa sawa na liang moja ya fedha, na mikoani kulikuwa na nyumba za kubadilishia zenye fedha halisi ndani. Noti iliyochakaa ilipokelewa na kubadilishwa kwa mpya kwa ada ya wen 30 kwa kila guan, asilimia 3. Na serikali yenyewe ilizipokea kwa kodi, hasa kwa chumvi: mfanyabiashara alilipa noti, akapewa hati ya kuchukua chumvi kwenye viwanda vya serikali, jin 400 kwa hati moja. Kila mtu anakula chumvi, kwa hiyo kila mtu, hata mkulima wa ndani kabisa, alikuwa sehemu ya mzunguko wa noti.

Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kuhusu vipande vya karatasi vya ukubwa wa kiganja vyenye muhuri wa mfalme, na jinsi noti kuukuu inavyopelekwa ofisini kubadilishwa. Baadhi ya wanahistoria wana shaka kama alifika kila mahali alipodai katika China, lakini maelezo yake ya noti yanalingana na tunayoyajua. Alikuwa amepita kwenye pwani ambako sultani wa Kilwa alipiga sarafu zake za shaba, na karatasi isiyo na uzito wowote ilimshangaza kwa haki.

Mwaka 1260 zilitolewa noti za ding 73,000 hivi (kwa noti, ding moja ni guan 50). Mwaka 1273, miaka 13 baadaye, zilikuwa ding 110,000, ongezeko la kiasi. Halafu vita vya kusini vikataka malipo: karibu 250,000 mwaka 1274, karibu 400,000 mwaka 1275, na zaidi ya 1,400,000 mwaka 1276. Sehemu ya ongezeko hilo ina sababu nzuri, kwani noti za Song zilikuwa zikikusanywa kwa kiwango cha guan 50 za Song kwa guan moja ya Yuan, na nchi nzima ilihitaji pesa mpya. Kosa lilikuwa upande wa pili wa kitabu. Katika miaka ya waziri Ahmad, fedha iliyokaa kwenye nyumba za kubadilishia ilihamishiwa mji mkuu. Nyumba zikabaki na milango na makarani. Ukiwa na noti mbovu mkononi na ofisi haina cha kukupa, unafanya nini? Unaipunguzia thamani mwenyewe, sokoni. Noti zilizochakaa zikaanza kupokelewa kwa bei ya chini kuliko mpya, kitu kimoja kikiwa na bei mbili.

Ahmad aliuawa 1282. Mwaka 1287 ilitolewa noti mpya, ya Zhiyuan, moja ikiwa sawa na tano za zamani. Huko ni kukiri kwa lugha ya serikali kwamba pesa imepoteza sehemu nne kwa tano. Anayetaka kipimo cha miaka iliyofuata aangalie bei ya hati ya chumvi ileile ya jin 400, kwa guan za Zhongtong: 9 mwaka 1276, 50 mwaka 1289, 65 mwaka 1296, na 150 kufikia 1315. Serikali ilikuwa ikipandisha bei ya chumvi ili kufidia kushuka kwa noti zake, na kwa kufanya hivyo ikafuga magendo. Chumvi ya magendo inahitaji mashua, siri na watu wasioogopa, na watu hao hawakosi kazi nyingine siku mambo yakichafuka.

Pesa ilikwenda wapi? Kwenye meli zilizozama Japani mwaka 1281, kwenye safari za Vietnam na Java, na kwenye zawadi. Kila mtawala mpya alitakiwa kuwapa wakuu wa ukoo hariri, fedha na noti. Kati ya kifo cha Temür, mrithi wa Kublai, mwaka 1307 na kutawazwa kwa Toghon Temür mwaka 1333 walipita watawala wanane. Hazina yoyote ingelemewa na sherehe nane.

Mji mkuu Dadu (Beijing ya leo), wakati huo, ulikula nafaka ya kusini iliyoletwa kwa bahari. Kazi hiyo ilianzishwa 1282 na Zhu Qing na Zhang Xuan, maharamia wa zamani, kwa meli 60 na shi 46,000. Mwaka 1329 ilipakiwa zaidi ya shi 3,500,000. Mafanikio makubwa, na hatari ya ukubwa uleule: mtu mmoja mwenye meli za kutosha angeweza kuinyima Dadu chakula, kama Kublai alivyoinyima Karakorum.

Mwaka 1344 Mto Manjano ulipasua tuta Baimao na kumwaga maji kaskazini, ukafunika mashamba na kutishia Mfereji Mkuu na viwanda vya chumvi. Mwaka huohuo njaa na maradhi viliwaua wazazi wa kijana mmoja wa eneo la Mto Huai aitwaye Zhu Yuanzhang. Waziri Toghto aliamua mto urudishwe. Kwanza akatafuta pesa: mwaka 1350 alitoa noti mpya zisizo na akiba. Mwaka 1351 akamkabidhi mhandisi Jia Lu vibarua 150,000 na askari 20,000.

Jia Lu alikuwa fundi hasa. Alichimba mkondo wa zamani, akajenga matuta, lakini pengo la mwisho lilikataa kuzibwa. Maji ya vuli yalikuwa na nguvu, na kila kilichotupwa kilichukuliwa. Akaleta mashua kubwa 27, akazipanga safu tatu za tisatisa, akaziunganisha kwa milingoti na kamba za katani na mianzi, akazitia nanga na kuzifunga kwenye vigingi vikubwa ukingoni. Matumbo ya mashua yalitandikwa nyasi, yakajazwa mawe madogo, yakapigiliwa mbao juu. Kila mashua ilipewa watu wawili hodari, wenye shoka na patasi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Ngoma ilipopigwa ukingoni, wote walitoboa kwa wakati mmoja. Mashua zikazama pamoja, ukuta ukatokea chini ya maji, na juu yake yakarundikwa mafungu ya matete, udongo na mawe. Mmoja angechelewa kutoboa, mashua yake ingebaki juu, ingeburutwa na mkondo na kuvuta zilizofungwa nayo. Kufikia mwezi wa kumi na moja wa kalenda ya Kichina mto ulikuwa umerudi.

Kazi hiyo ilimeza zaidi ya ding 1,800,000 za noti. Vibarua walilipwa kwa karatasi ambayo wenye maduka walikuwa wakiikataa, na makarani walikata sehemu yao kabla haijawafikia. Tayari kulikuwa na waumini wa dhehebu la siri waliotabiri vurugu, na inasimuliwa kwamba walizika sanamu ya jiwe yenye jicho moja mahali ambapo wachimbaji wangeikuta. Uasi wa Vilemba Vyekundu ulilipuka mwaka huohuo, chini ya Liu Futong. Fang Guozhen, mfanyabiashara wa chumvi, alikuwa baharini tangu 1348 akishambulia meli za nafaka. Zhang Shicheng, mwendesha mashua na mlanguzi wa chumvi, aliinuka 1353. Mjini Dadu ilifika mahali ambapo ding 10 za noti, ambazo kwa kiwango cha 1260 zingekuwa liang 250 za fedha, hazikununua dou moja ya mtama, karibu lita kumi.

Bado Yuan ilikuwa na jeshi. Mwishoni mwa 1354 Toghto alimzingira Zhang Shicheng huko Gaoyou na mji ulikuwa karibu kuanguka, barua ikafika kutoka ikulu ya mfalme: amefukuzwa kazi. Askari walitawanyika, wengine wakajiunga na waasi. Hakukuwa tena na jeshi moja la dola, yalibaki majeshi ya makamanda. Zhu Yuanzhang alichukua Nanjing 1356, akamvunja mwasi mwenzake na mpinzani wake Chen Youliang ziwani Poyang 1363, akammaliza Zhang Shicheng 1367, na mwaka 1368 akatangaza dola ya Ming. Toghon Temür alitoka Dadu usiku kwa lango la kaskazini.

Ming walirithi mikoa ya Yuan, na mwaka 1375 wakatoa noti zao, pia za magome ya mforosadi. Chini yake waliandika kwamba mghushi atakatwa kichwa, na atakayemfichua atapewa liang 250 za fedha pamoja na mali ya mghushi. Nyumba za fedha za kubadilishia hawakuzirudisha, na haikupita miaka 20 kabla noti hizo hazijaanza kuporomoka.